Mkate Usiotiwa Pumzi

Mwanangu, iko siku moja ya kuelekea Krismasi ambayo naikumbuka vizuri kuliko hata siku niliyoolewa. Nilikuwa nimepiga magoti jikoni kwetu Bulyaga, bakuli la unga liko mbele yangu, na wadogo zangu wawili wameinama pamoja nami, vichwa vimegusana, wote watatu tunapuliza ndani ya bakuli. Tunapuliza kweli, kama watu wanaofufua moto uliozimika. Unga umetujaa kwenye nyusi. Bupe, mdogo wetu wa mwisho, anakohoa, na mimi namwambia asiache.

Usicheke bado. Au cheka tu, maana hata mimi naandika huku nacheka. Lakini siku ile hakuna aliyecheka isipokuwa Lusajo, anayemtangulia Bupe, na yeye nilimnyamazisha. Kulikuwa na jambo kubwa juu ya lile bakuli, na ndilo ninalotaka ulijue.

Baba yetu alikufa kwa kifua. Mama akamfuata kabla miaka miwili haijatimia, katika miezi ya mvua kubwa, ile mvua yetu ya Tukuyu ambayo kaburi likichimbwa inabidi lichotwe maji kwanza. Mimi nilikuwa darasa la sita, na umri wangu ulikuwa miaka kumi na sita, kwa kuwa nilichelewa kuanza. Lusajo alikuwa na kumi na mmoja, Bupe saba. Wiki moja baada ya matanga nikaacha shule. Mwalimu wangu alikuja mpaka nyumbani akaniuliza nitarudi lini. Nikamjibu nitarudi migomba ikishapaliliwa. Migomba haiishi kupaliliwa, mwanangu, wewe mwenyewe unajua.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Siku za shamba la pamoja nilitoka na jembe nikapewa tuta langu sawa na watu wazima, na siku zilizobaki nililima la kwetu. Watoto walikula. Walikwenda shule wamefuliwa nguo. Nikajiona nimeweza. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, kwa sababu nilipokwisha kujiona nimeweza, sikumwuliza mtu kitu tena.

Tena nilikuwa na sababu. Siku ya mazishi ya Mama, nikiwa nimejifunika kanga pembeni, nilimsikia Mama Mkubwa akisema na wanawake wenzake. Huyu alikuwa mke wa Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu, nao waliishi Suma. Alisema, "Huyu mtoto hataweza." Maneno matatu tu. Niliyachukua nikayaweka kifuani, nikayalisha kila siku. Nilipochoka niliyatoa nikayatazama, nikapata nguvu ya kuendelea. Nguvu ya hasira ni nguvu pia, sikatai, ila inamfunga mtu mdomo.

Mwezi wa kumi na moja Baba Mkubwa akaja. Alikaa, akanywa mtindi, akatazama paa, akatazama watoto, kisha akasema polepole kwamba ukoo umezungumza. Lusajo aende kwake Suma, kuna kazi ya chai na shule iko jirani. Bupe aende kwa shangazi Mbeya. Mimi, alisema, nitapumzika. Nikamwambia sijachoka. Akasema hatakata shauri siku hiyo. Atakuja na mkewe siku ya Krismasi, watakula kwetu, ataona nyumba ilivyo, ndipo atakaposema neno lake.

Mimi nikaelewa hivi: nitapimwa kwa chakula cha Krismasi. Na chakula cha Krismasi kwetu kilikuwa kimoja.

Kabla hajaolewa, Mama alifanya kazi ya jikoni kwa muuguzi mmoja wa Kizungu katika hospitali ya misheni. Yule mama alikuwa na chakula cha kwao alichokipika kila Krismasi, na Mama akajifunza kwa kutazama. Unaoka mkate wa mahindi, unauacha ukauke, halafu unauvunjavunja wote. Unauchanganya na vitunguu vilivyokaangwa kwa mafuta ya kuku, mayai na pilipili manga, unaulowesha kwa mchuzi wa kuku uliyemchemsha, kisha unaupika tena kwenye sufuria iliyotandikwa jani la mgomba, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, mpaka juu upate rangi ya kahawia. Unaliwa pamoja na yule kuku.

Nilipokuwa mdogo jambo hili lilinishangaza sana, mtu kuoka mkate mzuri halafu kuuvunja. Nilimwuliza Mama kwa nini tusiule hivyohivyo. Akasema hata yeye alimwuliza yule Mzungu swali hilohilo, na Mzungu akamjibu ndivyo mama yake alivyofanya. Jina la Kizungu la chakula kile sikuwahi kulisikia. Kwetu tulikiita mkate wa kuvunja. Jirani zetu siku ya Krismasi walikula ndizi na nyama, sisi tulikula mkate wa kuvunja, na watoto wa jirani hawakukosa sababu ya kupita uani kwetu saa ile.

Sasa, unadhani mimi mtoto wa kwanza nilijua kuupika? Sikujua. Kila mwaka siku ya kuoka mimi nilitumwa maji, nikatoka maji nikaenda kuni, nikatoka kuni nikaenda mazoezi ya kwaya. Aliyekuwa jikoni na Mama ni Bupe, kwanza mgongoni, baadaye kwenye kigoda.

Basi siku mbili kabla ya Krismasi nikamketisha Bupe kwenye kigoda kilekile nikaanza kumhoji. Mama alianza na nini? Unga wa mahindi uliokobolewa. Halafu? Ngano kidogo. Halafu? Mayai, mtindi, chumvi. Halafu?

"Halafu akasema, sasa tuutie pumzi. Akaufunika na kanga."

"Pumzi vipi?"

"Pumzi. Alitoa kikaratasi, akasema mkate usipotiwa pumzi unakuwa jiwe."

"Kikaratasi ni cha chumvi," nikamwambia.

"Chumvi alikuwa ameshatia."

"Bupe, ni chumvi."

Yeye ana miaka saba, mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye mwenye jembe. Angefanya nini?

Nikafikiri kwamba kutia pumzi ni kuupigapiga unga mpaka hewa iingie. Nikashika mwiko nikapiga mpaka bega likafa ganzi. Nikafunika, nikangoja, nikaoka. Nilipoondoa mfuniko, mkate ulikuwa umelala chini kabisa ya sufuria, mgumu, umebanduka pembeni kama udongo wa ukuta wa zamani. Lusajo akaugonga kwa kidole.

"Hodi," akasema. Akasikiliza kidogo. "Dada, wenyewe hawapo."

Nilimfukuza jikoni.

Kesho yake asubuhi, ndiyo siku ya kuamkia Krismasi, nikajaribu mara ya pili, na hapo ndipo yalipotokea yale ya kupuliza. Niliwaza kwamba Bupe amesema pumzi, na pumzi ya mtu inatoka mdomoni, basi tupulize. Nisingekuwa na hofu nisingewaza vile. Lakini nilikuwa na hofu. Mkate wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, maana niliuongezea na maji kwa kukata tamaa. Bupe akaonja, akatoa kile kipande mdomoni, akakishika mkononi akikitazama.

"Si wa Mama," akasema.

Unga wa ngano ulikuwa umebaki wa mara moja tu. Miaka ile ngano ulingoja duka la ushirika liletewe, ukapanga foleni, ukarudi na ulichopewa. Na mkate wa kuvunja hauvunjwi siku ileile, lazima ulale ukauke. Kwa hiyo kama ni kuoka, ilikuwa nioke kabla jua halijatua.

Nikakaa chini nikiwaza ni nani wa kumwuliza. Jirani zetu hawakukijua chakula kile. Bibi mzaa mama alikwisha kufa. Mwanamke mmoja tu duniani aliwahi kusimama jikoni kando ya Mama siku ya kuoka, na huyo ni Mama Mkubwa, kwa sababu walipoolewa wote wawili waliishi boma moja hapahapa Bulyaga kabla Baba Mkubwa hajahamia Suma. Na siku ile ya kuamkia sikukuu lazima angekuwa sokoni Tukuyu na maharage yake.

Lakini utanielewa. Kumwuliza yeye kulikuwa sawa na kumkabidhi ushahidi wa maneno yake. Angekwenda kumwambia mumewe, hukuona? Mtoto hata mkate wa mama yake hauwezi. Na wadogo zangu wangeondoka. Nikasema nitapika ndizi kama watu wengine, niache mambo ya Wazungu. Nilikuwa nimekwisha kuamua hivyo.

Bupe akaja akasimama mbele yangu. Akaniuliza kama akienda Mbeya atachukua kigoda chake, au kule kwa shangazi kuna vigoda.

Niliinuka, nikaufunga ule mkate wa pili kwenye kanga, nikatoka.

Soko lilikuwa limejaa, na ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Rungwe mpaka huoni mwisho wa barabara. Mama Mkubwa alikuwa amekaa nyuma ya debe lake la maharage, amejitanda gunia begani kwa sababu ya manyunyu. Nikapiga goti nikamsalimia. "Ugonile, mama." Akaitikia, akaniuliza habari za watoto, nikasema nzuri. Ningeweza kuondoka hapo, na miezi yote ile ndivyo nilivyofanya kila tulipokutana. Badala yake nikafungua kanga.

Alichukua kipande akajaribu kukivunja. Hakikuvunjika. Akakigonga kwenye debe, kikalia.

"Umeutia nini huu?"

Nikataja. Unga, mayai, mtindi, chumvi, na pumzi.

"Pumzi umeipata wapi?"

Nilitazama chini. "Mdomoni," nikasema.

Alinitazama kama hakusikia. Kisha akaanza kucheka. Alicheka akashika tumbo, akamwegemea mwanamke aliyeketi karibu naye, akafuta machozi kwa ncha ya kanga, na kicheko kilipokwisha yale machozi yakaendelea kutoka. "Mdomoni," akasema. "Angesikia mama yako."

Nikamwuliza pumzi ni kitu gani. Akafungua mdomo, akaufunga. Akasema yeye hawezi kunitajia.

Damu ilinichemka, mwanangu. Nikajua nimejidhalilisha bure mbele ya soko zima. Nikaanza kufunga kanga yangu. Akanishika mkono.

"Tusekile, sikunyimi. Siwezi kulitamka. Nenda dukani kwa Mzee Shabani, mwambie akupe pumzi, halafu mwambie akutajie jina lake la dukani. Wewe ruhusa unayo ya kulisema. Mimi sina, na mama yako hakuwa nayo."

Nilikwenda, lakini kichwa kilikuwa kinazunguka. Ni kitu gani hicho ambacho mimi naweza kukisema na watu wazima wawili hawawezi? Mzee Shabani alikuwa mfanyabiashara wa Kiislamu, mtu wa mjini Tukuyu tangu ujana wake, na mkewe alikaanga maandazi barazani. Nikamwamkia shikamoo, nikasema naomba pumzi, na nilitegemea anishangae.

Hakushangaa hata kidogo. "Mkwe gani wa Amulike amekutuma?" akauliza.

Nikasema wa Suma. Akafikia kopo rafuni, akamimina chembechembe kidogo za rangi ya udongo kwenye kipande cha karatasi, akakikunja. Nilipoona kile kikaratasi nikamkumbuka Bupe, na uso ukanipata joto.

"Inaitwaje hii, babu?"

"Hamira, bibie. Hamira." Akachekea puani. "Wakwe wa babu yako wamenifundisha Kinyakyusa ambacho Wanyakyusa wenyewe hawakijui. Mara ya kwanza alikuja mmoja akaniomba pumzi, nikamwambia, mama, mimi si Mungu."

Hamira nilikuwa naijua kwa jina, kama kitu cha wauza maandazi. Sikuwahi kuwaza kwamba ina uhusiano na mama yangu. Nikarudi sokoni nikilirudia lile neno mdomoni. Sasa wazee wetu wa huku, wewe umewasikia, ha inawapotea na ra inageuka la. Mama angelisema amila. Amila. Nikasimama katikati ya njia, mtu mwenye mkungu wa ndizi akanipiga kikumbo.

Babu yangu, baba yake baba yangu, aliitwa Amulike.

Nyinyi wa siku hizi huenda hamkuikuta desturi hii, nayo tuliiita ingamwana. Mke wa Kinyakyusa hakumtazama baba mkwe wake usoni wala hakulitaja jina lake. Na si jina peke yake, hata neno jingine ambalo sauti yake inakaribiana na jina hilo alilikwepa, akatafuta la kuweka mahali pake. Mzee akifa mwiko haukufa naye. Kwa hiyo katika boma moja wake walikuwa na maneno yao, na watoto walikua wakiyasikia bila kujua yametoka wapi. Nilipokuwa nimesimama pale ndipo nilipokumbuka kwamba Mama hakuwahi kusema tochi inamulika. Alisema tochi inafukuza giza. Maisha yangu yote nilidhani ni upambaji wake wa maneno. Nilikuwa nimelelewa ndani ya maneno yale, na sikuwahi hata mara moja kumwuliza, Mama, mbona wewe unasema hivi na watu wanasema vile?

Mama Mkubwa alikuwa ameshafunga maharage yake. Tukarudi Bulyaga pamoja.

Alipofika aliomba maji ya uvuguvugu na sukari, na bahati sukari ya kijiko kimoja ilikuwepo. Akanyunyiza ile hamira juu ya maji, akatuambia tutazame. Tuliinama tena vichwa vitatu juu ya bakuli, safari hii bila kupuliza. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha kikatokea kipovu kimoja, kikapasuka, vikaja viwili, na baada ya muda uso wote wa maji ukawa unainuka na kushuka taratibu.

"Inapumua," akasema Bupe.

Mama Mkubwa akageuza uso pembeni kidogo. Akatueleza kwamba yeye na mama yetu walikaa hapohapo, wote wawili wakwe wapya, wakitazama povu kama lile na hawana jina la kuliita. Mama ndiye aliyesema inapumua, basi tuiite pumzi. Walicheka mpaka mama mkwe akawagombeza kutoka nje, akadhani wanamcheka yeye.

"Mimi nilimwambia Dada kuna kikaratasi," Bupe akasema. "Akasema ni chumvi."

Mama Mkubwa akanitazama, nikajifanya nachochea moto.

Tulipokwisha kuufunika unga na kanga, watoto wakatoka kwenda kutafuta jani la mgomba. Tukabaki wawili. Nami maneno yale matatu hayakukubali kukaa kifuani tena. Nikamwambia nilimsikia siku ya mazishi akisema sitaweza.

"Nilisema," akajibu. Hakuacha kukatakata vitunguu. "Na leo nasema tena. Hutaweza. Mimi sikuweza, na mama yako hakuweza. Alipokuwa na mimba yako, unafikiri kuni za nyumba hii alileta nani? Nilipojifungua mimi mapacha, unafikiri nilipikiwa na nani? Miezi yote hii napita hapo njiani natoka sokoni, nakuona uani. Unanisalimia vizuri, unapiga goti, unanipa maji ya kunywa, na huniulizi hata bei ya maharage. Nikifika Suma namwambia mume wangu, yule mtoto amejifungia. Ndiyo maana akataka kuwachukua hawa. Njaa hakuiona kwako. Aliogopa siku utakayougua na huna uliyemwambia."

Nililia, mwanangu. Aliniacha nilie, akanisogezea vitunguu nivimalizie, akasema angalau sasa nina sababu mbili.

Mkate ule uliinuka. Sitaki kukudanganya kwamba uliinuka kama wa dukani, mahindi ni mahindi, lakini ulipotoka ulikuwa mwepesi, na ukiubonyeza ulirudi. Tuliuacha wazi juu ya ungo mpaka asubuhi. Tuliporudi kanisani siku ya Krismasi nikauvunja kwa mikono yangu mwenyewe. Mama Mkubwa, aliyekwenda Suma jioni na kurudi na mumewe chini ya mwavuli mmoja, alikaa mlangoni pa jiko akiniambia lini nimimine mchuzi na lini niache. Ushike kwenye ngumi ukiukamua, alisema, lakini usitoe maji.

Baba Mkubwa alikula akamaliza. Aliongezewa, akala tena. Kisha akaweka kijiko chini akauliza nani ameupika.

Mama Mkubwa akatazama sahani yake. Hapo nikajua kwamba hakumwambia kitu, ameniachia mimi. Ningeweza kusema ni mimi, na ungekuwa ukweli, mikono ilikuwa yangu. Watoto wote wawili walikuwa wananitazama.

Nikasema nimepika mimi, ila nilifundishwa jana na Mama Mkubwa. Kabla ya hapo niliharibu mara mbili, na wa kwanza kuku waliudonoa wakauacha.

"Alikuja kukuona, au wewe ulimfuata?"

"Nilimfuata sokoni."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akaendelea kunitazama, halafu akamgeukia Lusajo. Akamwuliza hiyo miwili ilikuwa mibaya kiasi gani.

"Baba Mkubwa," akasema Lusajo, "mmoja tuliupigia hodi."

Nilimwona Baba Mkubwa akijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu alipomzika mdogo wake. Alipotulia alisema watoto watakaa mpaka Pasaka, na Lusajo atakwenda Suma siku za likizo kusaidia chai. Mama Mkubwa atapita hapa kila siku ya soko, na siyo kupita njiani, kuingia. Pasaka yeye mwenyewe atakuja kuangalia tena. Pasaka ilipofika akaja, akala, akazungumzia mvua, akaondoka. Habari ya kuwachukua watoto hakuitaja, nasi hatukumkumbusha.

Kuanzia pale nilianza tabia ambayo sijaiacha mpaka leo. Mama Mkubwa akiingia siku ya soko nilimwuliza maneno. Kitu hiki Mama alikiitaje? Na kile? Yeye hakuweza kunitajia jina lenyewe, kwa hiyo nilikisia, naye akatikisa kichwa au akaitikia, mpaka nilipatie. Ilikuwa kama mchezo wa vitendawili. Nikagundua kwamba vitu vingi vya nyumba yetu vilikuwa na majina mawili, lile la watu wote na lile la wanawake wawili waliocheka jikoni. Nilimfahamu mama yangu zaidi katika miaka ile kuliko alipokuwa hai, na niliyemwendea kumtafuta ni yule yule niliyekuwa nimemchukia.

Sasa neno langu kwako ndilo hili, mwanangu. Uliza. Uliza wakati mwenye jibu bado anapumua na bado anakutana nawe njiani. Mama yangu nilikaa naye miaka kumi na sita na nilimwuliza kitu kimoja tu kuhusu mkate wake. Ukisikia mzazi wako anatumia neno ambalo watu wengine hawalitumii, usilipite, simama ulichungulie ndani. Na ukiwa na neno la mtu kifuani mwako, mrudishie mwenyewe umwulize alikusudia nini, hata kama jibu litakuuma, maana mimi nililibeba langu miezi minane na kumbe nilikuwa nalisikia vibaya. Mtoto mdogo akikwambia ameona kikaratasi, kwanza kitafute hicho kikaratasi. Na ukisaidiwa, mtaje aliyekusaidia, mezani, mbele za watu, hata kama unadhani kumtaja kutakupunguzia. Wadogo zangu walibaki kwangu kwa sababu hiyo, na wala si kwa sababu ya ladha.

Mungu akuweke kati ya watu unaoweza kuwaendea. Akupe mdomo mwepesi wa kuuliza na sikio la kungojea jibu mpaka mwisho wake. Na utakapofika umri wangu, vijana wakaja kukuuliza mambo unayoyaona madogo, akupe uvumilivu wa kuwajibu na furaha ya kwamba wamekuja. Ndaga, yaani asante, mwanangu. Ubarikiwe wewe na wote watakaokula kwako.